Fundi wa Kamalondo aliyeifufua ejekta ya bunduki ya marehemu baba

Nina bunduki ya marisau ya mitutu miwili, kaliba ya 12, iliyotengenezwa Liège nchini Ubelgiji, ambayo niliirithi kwa marehemu baba na kuiandikisha upya kwa jina langu. Tangu mwaka jana ejekta, yaani kifaa kinachorusha nje ganda la risasi iliyopigwa, ilikuwa hairushi tena ganda la mtutu wa kushoto. La kulia liliruka hadi nyuma ya bega, lakini la kushoto liliinuka kidogo tu na kubaki mdomoni mwa chemba (sehemu ya mtutu inamokaa risasi), nikawa nalichomoa kwa ukucha huku kanga wakitokomea kichakani.

Fundi wa kwanza niliyempelekea aliipanua springi ya ejekta hiyo kwa koleo ili ipate nguvu. Ilifanya kazi kwa siku chache, kisha ikapata ufa. Ndipo jamaa mmoja akanielekeza kwa mzee mwenye karakana ndogo hapa Lubumbashi, katika komuni ya Kamalondo, na huduma yake ndiyo ninayotaka kuieleza.

Kabla ya kuigusa bunduki aliomba kuona kibali, akahakikisha mwenyewe kwamba chemba zote mbili ni tupu. Nilipoanza kumweleza habari za springi alinikatiza kwa upole: “Papa, tusianze na springi, tuanze na ganda.” Aliyachukua maganda niliyokuwa nimeyahifadhi, akapitisha kidole ubavuni mwa lile la kushoto na kunionyesha michirizi myembamba. Chemba ilikuwa na kutu, na ganda linapovimba kwa moto wa risasi hung’ang’ania palepale penye kutu. Kisha akaigeuza mitutu na kunisomea alama zilizo chini yake: herufi ELG ndani ya umbo la yai, ambayo ni alama ya ukaguzi wa silaha wa Liège, na, kando yake, namba 65, yaani urefu wa chemba kwa milimita. Risasi nilizokuwa nikinunua ni za milimita 70, na urefu huo hupimwa ganda likiwa limekwisha kufunguka. Mdomo wake ulikuwa ukifungukia mahali ambapo chemba huanza kuwa nyembamba, jambo linaloongeza shinikizo na kulikaza ganda. Nilistaajabu kwamba kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kunionya.

Baada ya kuisugua na kuing’arisha chemba ndipo alipoufungua ubao wa mbele ulio chini ya mitutu, kwa kuwa humo ndimo ejekta za mfumo wa Southgate zinamokaa: nyundo mbili ndogo, kila moja na springi yake yenye umbo la V. Nyundo huachiliwa pale tu upande wake umefyatuliwa na mitutu inakaribia kufunguka kabisa, na ndiyo maana risasi isiyotumika huinuliwa bila kurushwa. Grisi ya zamani ilikuwa imegeuka gundi ya kahawia, naye akailoweka mitambo yote katika mafuta ya taa usiku kucha. Springi mpya aliichonga kwa feleji, akaipasha moto hadi ikawa nyekundu, akaizamisha katika oili, akaing’arisha na kuipasha tena polepole hadi rangi yake ikawa ya buluu kama shingo ya njiwa. Aliniita nisogee niitazame rangi hiyo, kwa maana ikipita hapo springi inalegea, na isipofika inavunjika.

Siku ya kuichukua aliweka risasi bandia pande zote mbili, akafyatua upande wa kushoto peke yake na kuikunja bunduki. Ya kushoto iliruka, ya kulia ikainuka tu. Alipofyatua pande zote mbili, zote zilianguka karibu mahali pamoja sakafuni, naye hakuridhika mpaka alipolirudia jaribio hilo mara kumi.

Lawama yangu ni juu ya muda. Aliniahidi siku nne, kazi ikachukua siku kumi na nane, kwa sababu umeme ulikatika mara nyingi na hakunipigia simu hata mara moja. Hatoi risiti pia, kwa hiyo ni vizuri mkubaliane bei na kuiandika kabla ya kumwachia silaha. Mimi nililipa dola 60, na kwa springi iliyotengenezwa kwa mkono sioni kwamba ni ghali. Springi ya kulia bado ni ile ya zamani. Ameniambia niirudishe siku nitakapoona maganda ya upande huo yanaanza kuanguka karibu na miguu yangu.