Mpira au ndondi: mtoto wa Mathare aanzie wapi?

Wazazi wa Eastlands, Nairobi, huniuliza swali hili mara kwa mara.

Kwa gharama, mpira uko mbele kabisa. Mpira mmoja huchezesha watoto ishirini, hata wakiwa pekupeku. Ndondi hudai glovu, bandeji za mikono, kinga ya meno na ya kichwa, na glovu iliyochakaa huumiza mkono wa mpigaji na uso wa mwenzake.

Kwa nafasi, ndondi hushinda: ukumbi mdogo wa mtaa unatosha, mvua inyeshe isinyeshe. Viwanja vya mpira vinazidi kumezwa na majengo.

Kinachonigusa zaidi ni malezi. MYSA, chama cha michezo cha vijana kilichoanzishwa Mathare mwaka 1987, huzipa timu zake za mpira pointi za ligi kwa kusafisha mtaa, na vijana wenyewe hushika uongozi. Kumkabidhi mtoto wa mtaa wa mabanda wajibu kama huo ni heshima kubwa. Ila kwenye timu yenye watoto wengi, mwenye haya hujificha pembeni. Kocha mzuri wa ndondi humwona kila mmoja. Na tangu Elizabeth Andiego aiwakilishe Kenya katika ndondi za Olimpiki, London 2012, hakuna wa kumwambia binti kwamba ulingo si wake.

Mtoto bado mdogo na mfuko ni mwembamba? Mpeleke mpirani. Binti wa miaka kumi na mitatu aliyechoka kukaa benchi? Tembelea klabu ya ndondi, uulize kwanza: watoto huanza kupigana lini, na nani huwasimamia?