Mafunzo ya kuwahudumia wakimbizi wenye kiwewe: maoni kuhusu kituo kimoja cha Dodoma

Kituo hiki, kilicho nje kidogo ya jiji la Dodoma, huwafundisha maafisa maendeleo ya jamii na watu wa kujitolea namna ya kuwasaidia wakimbizi waliopitia vita. Malazi ni safi na chakula kinatosha. Ukumbi una joto kali kuanzia saa sita mchana, lakini hilo linavumilika.

Ubora wake umo katika somo lenyewe. Wakufunzi wanafuata mbinu ya Shirika la Afya Duniani iliyoandaliwa kwa wahudumu wasio wataalamu wa magonjwa ya akili: vikao vitano, ambamo mhudumiwa hujifunza kutuliza mwili kwa kuvuta pumzi polepole, kuchambua matatizo yanayoweza kutatuliwa, kurudia shughuli alizoziacha na kutafuta watu wa kumshika mkono. Hakuna anayelazimishwa kusimulia aliyoyaona. Muda mwingi tuliutumia tukiwa wawiliwawili, tukijizoeza kusikiliza bila kukatiza wala kuhubiri, zoezi lililowawia vigumu hasa wachungaji waliokuwa nasi. Napongeza pia kwamba wakufunzi hawakutia chumvi: walitueleza kuwa mbinu nyingine ya shirika hilohilo, ya vikundi, ilipojaribiwa nchini Uganda kwa karibu wanawake 700 wa Sudan Kusini, iliwapa nafuu, ila nafuu hiyo ilikuwa ndogo ilipopimwa tena miezi mitatu baadaye.

Palipopwaya ni kwenye suala la makazi, lililopewa kipindi kimoja cha jioni. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inamtaka mkimbizi aishi katika eneo lililotengwa, hivyo mkazi wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, hofu yake si ya jana tu, bali pia ya kesho asiyoweza kuipanga. Mfano mzuri zaidi ulikuwa jirani kabisa, nao haukutajwa: Waburundi waliokimbia mwaka 1972 na kuishi katika makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu mkoani Tabora, pamoja na wenzao wa makazi ya Katumba na Mishamo. Takribani 162,000 kati yao walikubaliwa kuwa raia wa Tanzania, lakini mpango wa awali uliwataka wahamie mikoa mingine, na ulipoachwa walikuwa wameshakaa miaka kadhaa bila kujua kama wajenge au wafungashe. Mafunzo ya kurudia shughuli yanamsaidiaje mtu ambaye hajui kama atavuna shamba analolilima? Swali hilo niliwaandikia kwenye fomu ya maoni.

Kwa mhudumu wa kambini au wa makazi ya zamani, ada inastahili kulipwa, mradi ajitafutie mwenyewe elimu ya sheria na ardhi. Cheti hakimruhusu kutibu: mwenye mawazo ya kujiua hupewa rufaa mara moja, na wahudumu wa Dodoma walielekezwa Hospitali ya Mirembe, ya magonjwa ya akili, pamoja na namna ya kuijaza fomu ya rufaa.