Marashi gani ununue Lubumbashi, na kwa nini vichupa vya feromoni viko mkiani

Ukipita soko ya Kenya au maduka ya katikati ya mji, hutakosa kuona vichupa vidogo vilivyoandikwa kwamba vina feromoni, yaani kemikali ambazo mnyama hutoa na wenzake huziitikia, kwa mfano kwa kumfuata jike. Muuzaji anakushika mkono, anakupulizia kidogo: "Papa, kamata hii. Bibi mwenyewe ataanza kuuliza unarudi saa ngapi." Kichupa hicho hakijai hata kiganja, lakini mara nyingi bei yake inashinda chupa kubwa ya marashi iliyo pembeni yake.

Nimepanga bidhaa tano kwa kigezo kimoja: falanga zako zinakununulia nini mwezi wa kumi, joto limepanda, mvua bado, na kwenye basi la Katuba mmebanana bega kwa bega.

1. Kizuia jasho, na sabuni kabla yake

Jasho la kwapani likitoka halina harufu ya maana. Harufu inatengenezwa na bakteria wa kwenye ngozi wanaolila. Ndiyo maana marashi juu ya kwapa lisilooshwa hutoa kitu cha tatu kibaya kuliko vyote viwili.

Soma kibandiko kabla ya kulipa. Deodoranti ya kawaida inapunguza bakteria na kufunika harufu, jasho linaendelea kutoka. Kizuia jasho kina chumvi za aluminiamu zinazoziba vitundu vya jasho. Kipake usiku, kwapa likiwa kavu kabisa, kitafanya kazi vizuri kuliko ukikipaka asubuhi huku unakimbilia kazini. Asiye na pesa ya hicho achukue jiwe la shabu: lilowanishe, sugua, basi. Kipande kimoja kinakaa muda mrefu. Ndimu nayo inasaidia, lakini usiipake baada ya kunyoa, wala mahali patakapopigwa na jua. Inaweza kukuunguza na kukuachia madoa meusi.

2. Marashi ya kawaida, chupa ya eau de parfum

Ina mafuta ya manukato mengi kuliko eau de toilette, kwa hiyo unapulizia kidogo na inakaa. Usinunue kwa sababu inamnukia vizuri rafiki yako. Watafiti wa Prague walionyesha mwaka 2012 kwamba harufu ya mwili wa mtu ikichanganyika na marashi aliyojichagulia mwenyewe, wanusaji huipenda kuliko ikichanganyika na marashi aliyopewa tu. Kwa hiyo jipulizie mkononi, zunguka soko, nunua nyanya zako, halafu nusa tena. Ile harufu ya kwanza, kali ya ndimu, itakuwa imekwisha, na inayobaki ndiyo utakayoishi nayo. Chupa iliyopangwa juani mbele ya kibanda iache hapo hapo, joto na mwanga vimeshaila.

3. Mafuta ya manukato: udi, miski, zabadi

Hayana alkoholi, yanakaa kwenye ngozi saa nyingi na hayasambai mbali. Kwa anayefanya kazi ofisini ni adabu nzuri. Muuzaji akikuapia kwamba zabadi yake imetoka kwa fungo mwenyewe, mtabasamie tu. Nyingi ya sokoni imetengenezwa kiwandani, na hakuna ubaya.

4. Spreyi ya mwili

Rahisi, ya haraka, inakwisha kabla hujafika Ruashi. Ya vijana.

5. Vichupa vya feromoni

Feromoni zenyewe zipo, mtu asikudanganye upande huo. Mwaka 1959 Adolf Butenandt na wenzake Ujerumani walitangaza kwamba wameipata ya nondo wa hariri, baada ya kukusanya majike karibu 500,000. Dume akiipata kidogo tu, anaanza kumtafuta jike. Kwa binadamu hadithi ni nyingine. Kile kiungo cha puani ambacho wanyama wengi hunasia feromoni, kwa mtu mzima kimebaki alama tu, na jeni yake muhimu, TRPC2, haifanyi kazi. Tristram Wyatt wa Oxford alizipitia mwaka 2015 molekuli nne zinazotajwa sana kuwa feromoni za binadamu na hakukuta ushahidi wa kutegemewa. Miaka miwili baadaye Waaustralia wakajaribu mbili kati yake: watu walionusa hawakuona sura za picha kuwa za kuvutia zaidi. Penye matumaini kidogo ni kwenye chuchu za mama anyonyeshaye, ambako majimaji ya vitezi yanamfanya mtoto mchanga atafute ziwa. Hayo hayauzwi sokoni.

Basi ndani ya kichupa kuna nini? Mara nyingi wanataja androstenoni. Hiyo ni ya mate ya nguruwe dume. Wafugaji huipuliza puani mwa jike anayehitaji dume ili asimame tuli apandwe. Bibi yako hayumo katika hesabu hiyo.

Wapo wanaoapa kwamba iliwafanyia kazi, na siwaiti waongo. Huko Liverpool, mwaka 2009, wanaume waliopewa spreyi yenye manukato walirekodiwa kwenye video isiyo na sauti. Wanawake waliotazama, ambao hawakunusa chochote, waliwaona wanavutia kuliko wale wa spreyi isiyo na manukato. Kilichobadilika ni jinsi mwanaume alivyojibeba. Hilo utalipata pia kwenye namba mbili, kwa bei ya kawaida.

Na kama shemeji alikuletea kimoja kutoka Dubai, kitumie kama marashi mengine, ila mpe mtu wa nyumbani akinuse kwanza. Androstenoni wengine hawaisikii kabisa, wengine huisikia tamu, na wengine, kwa jeni zao, huisikia kama mkojo. Huwezi kujua mapema yule unayemfuata yuko kundi gani.