Popo darini, kisha frigoliti: tathmini ya kazi ya mafundi watatu mjini Lubumbashi

Nyumba yetu ya mtaa wa Bel-Air, yenye kuta za matofali ya kuchoma na paa la mabati, ilikaliwa na popo kwa muda wa miaka miwili. Ni wale popo wadogo wanaokula wadudu: kila jioni walichomoka chini ya ukingo wa paa mmoja baada ya mwingine, na asubuhi tulikuta vinyesi vyeusi, vidogo kama punje za mchele, vimetapakaa chini ya ukuta. Wengi hudhani ni vya panya. Ukivisaga kwa kijiti utajua tofauti, kwa sababu cha popo huvunjika na kuwa unga wenye vipande vya mabawa ya wadudu vinavyometameta, na cha panya hubaki kigumu. Dari, au plafoni kama tunavyosema hapa, lilikuwa limeota madoa ya kahawia juu ya kitanda cha watoto, na harufu ya mkojo haikutoka hata madirisha yakishinda wazi.

Fundi wa kwanza tuliyemwita alifika mchana, akaziba matundu yote kwa saruji, akalipwa na kuondoka. Popo walikuwa bado wamelala ndani. Siku ya nne tulihama chumba kwa uvundo.

Mafundi watatu ninaowasifu hapa walikuja mwezi wa Julai, na jioni mbili za kwanza hawakugusa kitu. Mkubwa wao aliniambia, "Mama, kwanza tuhesabu milango yao." Walikaa uani tangu jua lilipozama, wakitia alama ya chaki kila mahali popo alipotokea, kwa kuwa tundu lenye upana wa sentimita moja na nusu linamtosha kupita. Kisha walitundika vipande vya neti laini juu ya matundu hayo, upande wa chini ukiachwa wazi, ili popo ateleze kutoka lakini asipate njia ya kurudi. Usiku wa sita hakuna aliyetoka, ndipo wakaziba. Majira hayo yalikuwa mazuri pia kwa sababu ya watoto wa popo, ambao katika eneo letu huzaliwa zaidi miezi ya joto na mvua. Ukiziba wakati huo wanafia ndani.

Kwenye usafi ndipo nilipowaheshimu zaidi. Mavi ya popo huweza kuotesha kuvu iitwayo Histoplasma, na vumbi lake likivutwa huleta ugonjwa wa mapafu. Kwa hiyo kufagia makavu ni hatari kuliko kuyaacha. Walivaa barakoa za FFP2, zile zinazochuja vumbi laini, na glavu, wakanyunyiza maji ya sabuni kwa pampu ya mgongoni, wakasubiri yalowe vizuri, ndipo wakayakomba kwa beleshi dogo hadi mifuko kumi na mmoja ikajaa. Nilipoleta javeli, ile dawa ya klorini ya kusafishia, mkubwa wao aliizuia: ikikutana na amonia ya mkojo hutoa gesi inayochoma mapafu, kwa hiyo ilitumika mwishoni kabisa, mbao zikiwa zimeoshwa na kukauka. Niliomba mfuko mmoja kwa ajili ya tuta langu la lengalenga, yaani mchicha; alikataa kwa upole, na yote yakazikwa.

Baada ya hapo walitandika frigoliti, yale mabamba meupe mepesi ya povu la plastiki, yenye unene wa sentimita tano juu ya dari lote, vipande vikibanana bila pengo, na pembezoni mwa paa wakaacha nafasi za hewa zilizofunikwa kwa wavu wa chuma ili unyevu utoke. Oktoba ya mwaka uliotangulia, saa tisa alasiri, kipimajoto cha chumba cha watoto kilikuwa kikionyesha nyuzi 35. Oktoba hii, nje kukiwa na jua lile lile, hakikupita 30. Kelele za mvua juu ya mabati hazikupungua sana, maana frigoliti ni nyepesi mno kuzuia sauti, na wao walikuwa wamenieleza hivyo kabla sijalipa.

Lawama yangu ni moja, nayo si ndogo. Waliilaza frigoliti moja kwa moja juu ya nyaya za umeme. Ganda la plastiki la waya likigusana nayo kwa muda mrefu hukakamaa na kupasuka, na frigoliti yenyewe hushika moto upesi kwa moshi mweusi wenye sumu. Niliiona kasoro hiyo kwa sababu nilipanda ngazi mwenyewe na tochi. Walirudi kesho yake bila ubishi, wakazipitisha nyaya zote ndani ya mabomba na kukata nafasi kuzunguka kila taa, wala hawakuongeza senti juu ya dola 420 tulizopatana, ambazo zaidi ya nusu yake ilikuwa bei ya frigoliti.