Vifaranga 100 kwa Basi la Usiku: Tathmini ya Huduma Niliyoitumia Mara Tatu

Katika kipindi cha mwaka mmoja nimeagiza vifaranga wa siku moja mara tatu kutoka kituo kimoja cha kutotoa vifaranga kilichoko karibu na Nairobi. Kituo hicho hupokea maombi kwa simu na malipo kwa M-Pesa, kisha hutuma mzigo kwa basi la usiku hadi Kisumu, ambako mimi huufuata alfajiri na kuupandisha matatu hadi nyumbani Maseno. Sitakitaja kwa jina, kwa kuwa nina lawama pamoja na sifa. Nilichonunua kila mara ni kuku wa kienyeji walioboreshwa, 100 pamoja na wawili wa nyongeza, wakiwa wamekwisha kuchanjwa dhidi ya Mareks, ugonjwa wa virusi unaopoozesha na kuua kuku.

Wako wanaoona kumsafirisha kifaranga usiku kucha bila maji ni ukatili, nami nilidhani hivyo. Ukweli ni kwamba kabla ya kutoka kwenye ganda, kifaranga huvuta ndani ya tumbo lake mabaki ya kiini cha yai, na akiba hiyo inaweza kumtunza kwa muda wa saa 72 hivi. Ni akiba hiyo hiyo iliyoiwezesha posta ya Marekani kubeba vifaranga tangu mwaka wa 1918. Lakini saa hizo huanza kuhesabiwa tangu anapototolewa, wala si tangu basi linapong'oa nanga, na ndiyo maana nakisifu kituo hiki kwa kuandika juu ya katoni siku na saa ya kutotolewa. Muuzaji asiyeweza kukujibu swali hilo usimtumie pesa.

Mzigo wa kwanza ulikuwa msiba. Katoni yenyewe ilikuwa nzuri, yenye matundu pande zote na vyumba vinne vya vifaranga 25 au 26 kila kimoja, ila iliwekwa ndani ya buti la basi na kubanwa na marobota ya mitumba upande mmoja, hata matundu ya upande huo yakazibika kabisa. Nilipoifungua pale kituo cha mabasi Kisumu, vyumba vitatu vilikuwa vinalia kwa kelele, na cha nne kilikuwa kimya. Vifaranga tisa walikuwa wamekufa, na waliobaki humo walikuwa wamelala wameachama midomo. Kituo kilianza kwa kuniambia kwamba mzigo ukishakabidhiwa basi si wao tena, jambo lililoniudhi sana, kwani mimi sikumlipa mwenye basi, niliwalipa wao. Baada ya kutuma picha walikubali kunifidia nusu ya waliokufa.

Lawama hiyo naiambatanisha na haki yao: walijirekebisha. Katoni ya pili ilifika imepigiliwa vipande vya mbao pembeni ili mzigo mwingine usiweze kugusa matundu, na walikuwa wamepatana na kondakta iwekwe ndani, nyuma ya viti vya mwisho. Barabara hiyo hupita Mau Summit na Kericho, ambako baridi ya usiku si ya mchezo, na kinachowaokoa vifaranga huko ni joto la miili yao wenyewe. Kwa hiyo mtu anayeagiza 50 na aombe wajazwe vyumba viwili, badala ya kutawanywa katika vinne.

Sehemu bora ya huduma hii, kwa maoni yangu, ni simu. Asubuhi ile ya kwanza nilikuwa tayari nimemimina chakula, na mama aliyepokea simu akanizuia. “Mama, chakula kingoje kwanza. Chukua maji ya uvuguvugu yenye glukosi, chovya mdomo wa kila mmoja, umwone akimeza ndipo umwachie.” Nilifanya hivyo kwa wote, mmoja mmoja. Kifaranga aliyelegea kiganjani kama kitambaa huinua kichwa, koo likatikisika, akafumba macho, kisha akaurudisha mwenyewe ule mdomo majini. Chakula kilifuata baada ya saa mbili. Siku ya pili alinielekeza kuwakagua nyuma, kwa kuwa baada ya safari kinyesi huweza kuganda na kuziba tundu, nacho hulainishwa kwa pamba na maji ya uvuguvugu, hakibanduliwi kwa nguvu.

Hata hivyo, katika kundi hilo la kwanza nilipoteza wengine 11 ndani ya siku tatu, na sehemu ya kosa ilikuwa yangu. Niliwasha jiko la bruda, yaani boma lenye joto la kulelea vifaranga, baada ya kufika nao, nikawaweka juu ya maranda yaliyokuwa bado baridi. Kumbe bruda inapaswa kuwa imepashwa joto tangu usiku uliotangulia, ifikie nyuzi 32 hadi 35 pale usawa wa migongo yao, na iwe ya mviringo ili wasirundikane pembeni na kukanyagana. Siku hizi sitazami kipimajoto peke yake. Wakijikusanya chini ya joto wanaona baridi, wakilikimbia huku wanahema wameunguzwa, na wakisongamana upande mmoja kuna upepo unaopenya mahali. Jiko la makaa huliacha liwake nje hadi moshi uishe, na dirisha la juu halifungwi kamwe.

Maelezo hayo yote yamo katika karatasi nzuri sana ya kituo hicho, iliyoandikwa kwa Kiswahili chepesi, ambayo kwa bahati mbaya husafiri ndani ya katoni pamoja na vifaranga. Anayeisoma saa kumi na mbili asubuhi akiwa ameshika katoni amekwisha kuchelewa. Nimewaomba mara mbili waitume kwa simu mara tu malipo yanapothibitishwa, na bado hawajafanya hivyo.

Katika mzigo wa pili hakuna aliyefika amekufa, na hadi siku ya saba nilikuwa nimepoteza watatu. Katika wa tatu mmoja alikufa njiani na wawili wakafa baadaye. Kwa shilingi 100 kila kifaranga nitaagiza tena mwezi ujao, na jiko nitaliwasha jioni, kabla basi halijatoka Nairobi.