Kanada na Ufaransa: njia mbili za kumpokea mhamiaji

Kanada humruhusu mhamiaji awe raia bila kuuacha utamaduni wake: waziri mkuu Pierre Trudeau aliutangaza msimamo huo mwaka 1971, ukawa sheria kamili 1988. Ufaransa hutambua raia tu. Asili na dini ni mambo yake binafsi.

Tofauti huonekana wazi kwenye mavazi. Tangu 1990, askari Singasinga wa polisi ya taifa ya Kanada huruhusiwa kuvaa kilemba kazini. Katika shule za umma za Ufaransa, sheria ya 2004 inamkataza mwanafunzi kuvaa hijabu, kilemba au msalaba mkubwa. Quebec, japo ni jimbo la Kanada, inaelekea Ufaransa: sheria yake ya 2019 inawazuia polisi na walimu wapya wa shule za umma kuvaa alama za dini kazini.

Sensa ya Kanada huuliza asili. Ya 2021 iliorodhesha zaidi ya 450. Ya Ufaransa huuliza uraia na mahali pa kuzaliwa, si rangi wala kabila. Nia ni njema, ila ubaguzi usiohesabiwa ni mgumu kuuthibitisha. Watafiti hulazimika kuwatumia waajiri maombi ya kazi yanayofanana kwa kila kitu isipokuwa jina, kisha wahesabu nani kaitwa kwenye usaili. Katika hili Kanada imetangulia, tena kwa mbali.

Lakini Kanada nako kuna vikwazo: daktari aliyesomea nje hafanyi kazi mpaka apate leseni ya jimbo, na mchakato huo waweza kula miaka. Uraia una masharti ya wazi zaidi: mtu mzima awe amekuwepo nchini siku 1,095 ndani ya miaka 5, na wa umri wa miaka 18 hadi 54 apate 15 kati ya maswali 20 ya mtihani wa uraia.