Chokaa au rangi ya plastiki kwenye nyumba ya mawe?

Ukiingia nyumba ya kale ya Lamu au Mji Mkongwe wa Zanzibar, jicho linavutwa kwanza na weupe wa ukuta. Ni chokaa, yaani mawe ya matumbawe yaliyochomwa, yakazimwa kwa maji, kisha yakapakwa koti juu ya koti. Weupe wake haung'ai. Jioni hugeuka rangi ya maziwa, vivuli vya zidaka, yaani vishubaka vya ukutani vya kuwekea vyombo, vikaonekana vizuri, na sahani moja ya kauri ya buluu ukiiweka humo inatosha kupamba chumba kizima.

Rangi ya plastiki ina raha zake: unachagua rangi yoyote, inakauka upesi, na alama za vidole vya watoto zinafutika kwa kitambaa kibichi. Chokaa ukiiegemea unaondoka na unga begani, na lazima irudiwe mara kwa mara.

Hata hivyo, kwa nyumba ya mawe mimi nachagua chokaa bila kusita. Ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu kutoka ardhini, na chokaa huuacha utoke. Plastiki huufungia ndani: ukuta unafura malengelenge, rangi inabanduka vipande vipande, na mara nyingine plasta nayo inafuatia. Inauma kuona hivyo kwenye ukuta wa miaka mingi.

Nyumba ya matofali ya saruji, paka plastiki tu. Na anayetaka chokaa yenye rangi, achanganye unga wa oksaidi ya njano au nyekundu, kidogo kidogo, kwani ikikauka hupauka sana.